Je, Mpishi wa Pombe Atajibu kwa Ulevi wa Mnywaji?

Kuna swali linaloulizwa kila mahali panapopikwa pombe, na tangu zamani halijaisha kuulizwa. Mtu amekunywa kupita kiasi. Amerudi nyumbani usiku, amempiga mke wake, na fedha ya shule ya watoto imekwisha mfukoni. Asubuhi wazee wanakutana ili kutafuta mwenye hatia. Wengine husema: «Kinywa ni chake, tumbo ni lake, hakuna aliyemshika kichwa akammiminia.» Wengine hujibu: «Na yule aliyempa kibuyu cha tatu, hali anamwona anayumba, mikono yake ni safi?» Pande zote mbili zina neno la kweli. Lakini kweli mbili zisizopangwa vizuri zaweza kumpoteza mtu kama vile uongo mmoja.

Swali hili lagusa nyumba nyingi. Pombe hupikwa kwa arusi na kwa matanga, kwa kulipa wasaidizi wa shamba, na kwa kupata faranga chache za chumvi na sabuni. Basi lafaa kuchunguzwa polepole. Na ni vema kuanza mbali, kwa habari ya watu wa nchi nyingine, kwa maana mtu huhukumu kwa haki zaidi jambo lisilo lake, kabla ya kurudi kujihukumu mwenyewe. Ndivyo nabii Natani alivyofanya alipomwendea mfalme Daudi: alianza na habari ya mwanakondoo wa maskini, ndipo akamwonyesha mfalme kosa lake.

FUNDI WA VIATU ALIYEPIKA BIA

Mwaka 1852 Mwingereza mmoja, jina lake Thomas Cooper, mwenyeji wa Yorkshire, alivuka bahari akahamia Australia ya Kusini. Kazi aliyoijua ilikuwa ushonaji wa viatu. Alikuwa Mprotestanti wa dhehebu la Wametodisti, mtu mwenye kuishika dini yake kwa bidii. Mwaka 1862, walipokuwa wakikaa karibu na mji wa Adelaide, mke wake Ann alikuwa mgonjwa. Huyo Ann, binti wa mwenye nyumba ya wageni, alijua namna ya kupika bia. Alimweleza mumewe, naye akampikia ili apate nguvu. Siku zile watu wengi walidhani bia ni dawa ya kumrudishia mgonjwa nguvu zake. Leo waganga hawafundishi hivyo. Majirani walionja, wakaipenda, na yule fundi wa viatu akawa mpishi wa bia.

Bia hiyo ilikuwa na tabia yake. Hamira haikuondolewa yote, bali sehemu yake ilibaki ndani ya chupa, ikafanya kazi mara ya pili na kuzaa gesi. Chupa ikifunguliwa, povu hupanda na vipovu vidogo humetameta katika kikombe. Kwa hiyo Waingereza waliiita bia yenye kumetameta, ijapokuwa ina ukungu kidogo kwa sababu ya hamira iliyo chini ya chupa.

Yasimuliwa kwamba Cooper hakuzipenda nyumba za pombe za mjini, kwa kuwa aliziona kuwa mahali pa kamari na maovu. Basi alipeleka bia yake kwenye nyumba za watu, ili inywewe mezani pamoja na chakula. Hapa ndipo habari hii inapoligusa swali letu. Mtu huyu alipika pombe, tena aliiuza, lakini hakuona kwamba kazi yake inakoma pale chupa inapotoka mkononi mwake. Alijiuliza: itakwenda wapi? Itanywewa na nani, tena mahali gani? Kama angeamini kwamba kinywa ni cha mnywaji tu, angeuza popote penye fedha.

MKEBE WA KIMEA

Uzao wa Cooper ungali na kiwanda hicho hata leo, na pamoja na bia ya chupa huuza pia mikebe ya kimea kwa wale wanaotaka kujipikia nyumbani. Desturi hiyo imeenea Australia, Uingereza, Marekani na nchi nyingine nyingi. Yafaa kueleza namna kazi hiyo inavyofanyika, kwa maana ndani yake mna mafundisho.

Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa iote kidogo, kisha ikakaushwa. Wanawake wengi wa vijijini waijua kazi hiyo kwa mtama, kwa ulezi na kwa mahindi. Wazungu hutumia shayiri. Kiwandani maji ya kimea hupikwa pamoja na maua machungu yaitwayo hopi, kisha hupunguzwa mpaka yawe mazito kama asali, na kutiwa katika mkebe wa kilo 1.7 hivi. Mwenye nyumba huyayeyusha kwa maji ya moto ndani ya chombo kikubwa kilichosafishwa sana, hutia sukari ipatayo kilo 1, na kuongeza maji baridi mpaka yafike lita 23. Halafu hunyunyiza hamira kidogo, gramu 7 hivi, na kufunika.

Hapo hamira huanza kula sukari, nayo huigeuza kuwa gesi na kileo. Kazi hiyo huchukua karibu juma moja, au zaidi kidogo. Ili kujua kama imekwisha, mpishi hutumia kipimo cha kioo kinachoelea. Maji yenye sukari nyingi ni mazito, na kipimo huelea juu. Sukari ikipungua, kipimo huzama. Kikionyesha 1.040 siku ya kwanza na 1.008 siku ya mwisho, mpishi hujua kwamba pombe yake ina kileo cha asilimia 4 hivi. Kisiposhuka tena kwa siku mbili, hamira imemaliza kazi.

Ndipo pombe hutiwa chupani. Katika kila chupa ya mililita 750 huongezwa gramu 6 hivi za sukari, wala si zaidi. Chupa hufungwa, na kuachwa majuma mawili au zaidi, ili hamira iliyobaki ile sukari hiyo na kuzaa gesi ya povu. Mwenye haraka, atiaye chupani kabla kipimo hakijatulia, au mwenye tamaa, ajazaye sukari kwa kupenda povu jingi, hupata hasara: gesi huzidi nguvu ya kioo, chupa hupasuka, na vipande vyake vyaweza kumjeruhi mtu aliye karibu, hata mtoto asiyejua lolote.

Basi mpishi huyu hujua mambo mawili ambayo mnywaji wa kawaida hayajui. Anajua nguvu ya kinywaji, kwa kuwa alikipima. Tena anajua kwamba hatari yaweza kulala kimya majuma mawili ndani ya chupa nzuri, isionekane mpaka siku ya kupasuka. Ujuzi huo si wa bure. Ajuaye zaidi hudaiwa zaidi.

NENO LA MTAKATIFU TOMA

Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, aliliangalia jambo hili. Kwanza alifundisha kwamba ulevi ni dhambi pale mtu anapojua nguvu ya kinywaji, na hata hivyo akubali kulewa kuliko kujinyima. Lakini mtu asiyejua nguvu ya kinywaji aweza kulewa bila dhambi, na mfano wake ni Noe, aliyepanda mzabibu baada ya gharika na kunywa divai yake.

Kisha Mtakatifu Toma alimtazama yule anayemkaribisha mwenzake kunywa. Akasema kwamba mkaribishaji naye hana hatia, kama hajui kwamba mgeni wake ni mtu atakayeleweshwa na kinywaji kile. Lakini kama hakuna kutojua, basi wala mnywaji wala mkaribishaji hana udhuru.

Tazama jinsi neno hilo linavyozipanga zile kweli mbili za wazee. Wasemao «kinywa ni chake» wanasema kweli kwa kuwa hatia ya mlevi haihami. Hata kama mpishi ana kosa, mlevi hawezi kumbebesha lake. Mungu amempa kila mtu akili na hiari, wala pombe haiingii kinywani yenyewe. Lakini wasemao «mikono ya mpishi si safi» wanasema kweli pia, kwa kuwa hatia si mkate, kwamba ukigawanywa kwa watu wawili kila mmoja apate nusu. Wawili wakibeba jiwe moja kwa shauri moja, na jiwe likamponda mtu, kila mmoja atajibu kwa tendo lake zima.

Basi kipimo cha hatia ya mpishi ni ujuzi wake na hiari yake. Alijua nini? Angeweza kufanya nini? Kwa maulizo hayo mawili mambo mengi hufunguka.

MAMBO MANNE YA KUPAMBANUA

La kwanza. Mtu amempa mgeni kikombe, hajui kwamba mgeni huyo hushindwa na pombe. Mgeni akalewa. Mwenyeji aweza kusikitika, lakini hana hatia. Ila tangu siku hiyo amekwisha kujua, na mara ya pili hawezi kusema tena: «Sikujua.»

La pili. Mtu anajua kwamba jirani yake hawezi kuacha akianza, na kwamba akilewa huwapiga watoto. Hata hivyo anampa kwa sababu anaogopa kuitwa mchoyo. Huyu anajua, tena anaweza kukataa. Haya ya kuitwa mchoyo ni mzigo mdogo kuliko kilio cha watoto wale. Ukarimu unaomwangamiza mgeni umeacha kuwa ukarimu.

La tatu. Mtu anaongeza nguvu ya pombe kwa siri. Katika Kongo wako wanaopika pombe ya ndizi, iitwayo kasiksi katika nchi ya Kivu. Na wako wanaotonesha pombe kali ya mahindi na mihogo, iitwayo lotoko. Mtu aliyezoea kunywa vikombe viwili vya kasiksi na kwenda zake salama, akichanganyiziwa lotoko pasipo kuambiwa, atalewa kwa vikombe vile vile viwili. Mnywaji huyo amefanywa kuwa kama Noe: amepokonywa uwezo wa kujipimia. Basi hapo hatia ya ulevi humrudia aliyechanganya, karibu yote. Tena ameiba, kwa kuwa ameiba akili ya mwenzake. Wenye kupika bia ya mkebe hupima nguvu na kuiandika. Mwenye kutonesha mtunguni hajui pombe ya leo inaipita ya jana kwa kiasi gani. Na katika Australia, mahali mtu anaporuhusiwa kujipikia bia, sheria humkataza kutonesha pombe kali nyumbani bila kibali.

La nne ndilo gumu. Mjane ana watoto wanne, hana shamba la kutosha, na pombe ndiyo njia yake ya kupata fedha ya shule. Anunuaye sana kwake ni yule yule mlevi. Akimkataa, watoto wake mwenyewe watalala njaa. Je, naye ahukumiwe kama mtu anayeuza kwa tamaa?

La, asihukumiwe sawasawa. Shida hupunguza hiari, na hiari ikipungua hatia hupungua. Aliye shibe asimrushie jiwe haraka. Lakini shida haiigeuzi njia mbaya iwe njema. Ndani ya shida yake bado kuna mambo anayoyaweza. Aweza kukataa kuchukua jembe la mtu, au nguo ya mkewe, iwe rehani ya pombe. Aweza kufunga mlango kabla ya usiku. Aweza kutompa kibuyu kingine mtu aliyekwisha kuyumba, akimwambia: «Baba, rudi nyumbani leo, kesho utakuta imebaki.» Aweza kutoongeza nguvu kwa siri. Hayo hayatamwondolea faranga zote, nayo yataokoa nyumba ya mwingine.

Na hapo swali linawageukia wale wazee waliokutana asubuhi. Wakimtaka mjane aache kumwuzia mlevi, nao wamsaidie kuichukua hasara. Wamlimie sehemu ya shamba, wamtafutie kazi nyingine, wawasaidie watoto wake kwa madaftari na kalamu. Kijiji kinachomlaumu mpishi mchana na kununua kwake usiku kina neno la kujibu, tena huenda kikubwa kuliko lake. Ni rahisi kupiga marufuku chungu cha maskini. Ni vigumu kuchukua mzigo uliomfanya akitie motoni.

MPISHI NA MNYWAJI WAKIWA MTU MMOJA

Kuna jambo moja ambalo Thomas Cooper hakuweza kulimaliza kwa kuepa nyumba za pombe. Nyumbani nako watu hulewa, na ulevi wa nyumbani una ubaya wake: hauna mashahidi. Mjini mlevi huonwa na wengi, na yuko mtu wa kumwambia, «Imetosha.» Nyumbani mke hunyamaza kwa aibu, na watoto hunyamaza kwa hofu. Basi mahali peke yake hapatoshi kuifanya pombe iwe salama.

Yeye ajipikiaye kwa mkebe yumo katika hatari hiyo. Lita 23 ni chupa 30 za mililita 750, nazo zote zi chini ya kitanda chake. Yeye ndiye mpishi, yeye mwenye kugawa, yeye mnywaji. Hakuna mwuzaji wa kumkatalia, wala saa ya kufunga mlango.

Je, sheria ya nchi itamtosha? Katika Uingereza tangu mwaka 1963 mtu hahitaji tena kibali ili kujipikia bia ya nyumbani. Katika Marekani sheria iliyotiwa sahihi mwaka 1978 humruhusu mtu mzima anayekaa peke yake kupika lita 378 hivi kwa mwaka bila kodi, mradi asiuze. Hesabu hiyo yazidi lita 1 kwa siku. Sheria imetaja kadiri hiyo kwa ajili ya kodi, wala haikusema kwamba yeyote anywaye hivyo ana kiasi. Sheria ya nchi huweka ua wa nje; fadhila ya kiasi hukaa ndani ya mtu. Aliye ndani ya ua aweza bado kuwa mtumwa.

Hapa ile kazi ya kupika yaweza kumsaidia mtu au kumshuhudia. Mtu anayepima sukari kwa gramu, anayengoja siku mbili ili kipimo kitulie, na kuacha chupa majuma mawili bila kuzigusa kwa tamaa, ameonyesha kwamba ana nguvu ya kujizuia. Hawezi kusema baadaye: «Mimi siwezi kujitawala.» Kama alikuwa na saburi kwa ajili ya povu, aiweke saburi hiyo hiyo kwa ajili ya mke wake na watoto wake. Mtakatifu Benedikto, alipoandika kanuni ya watawa wake, aliwakadiria divai ya kila siku, kipimo kimoja kidogo kwa kila mtawa. Hakukadiria wakiwa wamekwisha kunywa. Hiyo ndiyo busara: kipimo huwekwa akili ingali macho, kwa maana kikombe cha nne hakiwezi kuwa hakimu wa cha tano.

Wala isidhaniwe kwamba kinywaji chenyewe ndicho adui. Bwana Yesu alihudhuria arusi ya Kana, na divai ilipokwisha hakuwaacha wenye arusi waaibike. Shayiri, ndizi, hamira na maji ni viumbe vya Mungu. Na mkono wa mtu unapovigeuza kuwa kitu cha furaha, hilo ni tendo la akili aliyopewa. Lakini wahenga walisema: «Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.» Sifa humpotosha mpishi. Mmoja huongeza maji ili apate fedha. Mwingine huongeza ukali ili asifiwe zaidi. Wote wawili wamesahau mtu atakayekunywa, wakakumbuka faida yao tu. Mpishi mwema humkumbuka mnywaji tangu kimea kikiwa kibichi.

MAULIZO NA MAJIBU YA KUKUMBUKA

Ulizo: Je, kupika pombe ni dhambi?
Jibu: La. Kupika kwenyewe si dhambi. Wema au ubaya wake hutegemea nia, kipimo, na watu watakaoinywa.

Ulizo: Je, mlevi aweza kumtupia mpishi hatia yake?
Jibu: Hawezi. Aliyekunywa kwa kujua na kwa kupenda atajibu mwenyewe, hata kama mpishi naye ana kosa.

Ulizo: Lini mpishi ana hatia katika ulevi wa mwenzake?
Jibu: Anapojua kwamba mtu yule atalewa, akiweza kumkatalia, na hata hivyo akampa, na zaidi sana anapoficha nguvu ya pombe yake.

Ulizo: Je, umaskini humwondolea mpishi hatia yote?
Jibu: Humpunguzia, haumwondolei yote. Na mzigo uliopunguzwa kwake huwaangukia wale walioweza kumsaidia, nao hawakufanya hivyo.

Ulizo: Nani atamzuia ajipikiaye na kunywa peke yake?
Jibu: Dhamiri yake, kama aliiuliza kabla ya kufungua chupa ya kwanza.